Pua ya Gari la Mahat

Mtu asiniambie habari za moshi. Nilianza kufukiza vyombo vya maziwa, ili yasiharibike upesi, nikiwa na miaka saba, na moshi naujua kwa rangi na kwa harufu. Kuni mbichi hutoa moshi mweupe wa kukuliza. Ukidondosha mafuta kwenye makaa, moshi hugeuka buluu. Moto ukikosa hewa, hutoa moshi mweusi wa masizi. Kwa hiyo Abdiwahab, aliyejiita fundi mkuu wa Garissa nzima, aliposema injini ya gari langu imekula ringi na inachoma oili, nilimjibu pale pale kwamba moshi wa oili ni wa buluu, na huu ni mweusi. Alicheka mpaka akaegemea gurudumu.

"Mama Sabirin," akaniambia, "wewe uza maziwa."

Kuuza maziwa ndiko kulikokuwa kumenishinda, na sababu ilikuwa gari hilo hilo. Maziwa ya ngamia hayamsubiri mtu. Wafugaji wa upande wa Habaswein hukama alfajiri, nami nilikuwa nikiyafikisha soko la Garissa kabla hayajachacha. Gari lilikuwa Hilux ya usukani wa kushoto, na mume wangu Mahat ndiye aliyelivusha kutoka Kismayu mwaka wa tisini na moja, wenzake walipokuwa wakivuka na magodoro. Mahat alifariki mwezi wa Rajabu, mwaka wa tisini na tano ukielekea kwisha. Urithi ulipogawanywa, ndugu zake walichukua ngamia. Mimi nikasema nipeni gari. Walidhani msiba umenipanda kichwani, lakini nilijua ninachofanya. Ngamia wangechungwa na wao, na anayekuchungia mali hukuchunga na wewe.

Baada ya Idi gari likaanza kufuka moshi mweusi, kunywa petroli kupita kiasi na kuzimika njiani. Barabara ya Habaswein siku hizo ilipitwa kwa msafara wenye polisi, kwa hofu ya majambazi, na hakuna msafara unaotaka gari la kuzimika. Moshi wenyewe ulirudi nyuma ukatua juu ya madumu. Qali, mwenye hoteli pale Iftin, mtaani kwetu, alinusa dumu langu akaniuliza kama nimemletea maziwa au petroli. Alilirudisha, na wiki ile wengine watano walirudisha ya kwao.

Ndipo akaja Yarrow, kaka mkubwa wa Mahat. Yarrow si mtu mbaya. Ni mtu aliyezoea kwamba akisema jambo, wengine wanaitikia kwa kichwa. Alichukua ufunguo wa gari ukutani kwangu akautia mfukoni.

"Dumaashi," akaniita, kama tunavyomwita mke wa ndugu, "gari limekufa. Fundi amesema. Jumamosi baada ya Alasiri Mowlid atalichukua, na wewe na mtoto mtakuja kukaa kwangu Habaswein."

Mowlid alikuwa akitengeneza mikokoteni ya punda, ile ya kubebea maji. Alichotaka kwenye gari la Mahat ni ekseli na magurudumu. Na kukaa kwa Yarrow nilijua maana yake: mjane wa kumiminiwa chai ya mwisho, ile yenye majani. Sabirin angeacha shule darasa la tatu akachunge mbuzi. Nilimwambia Yarrow sitoki Iftin. Akanijibu kwa upole, na upole ule ulinikera kuliko matusi, kwamba mtu hushindana na aliye hai, hashindani na chuma kilichokufa.

Lakini kulikuwa na jambo lililoniuma zaidi. Wiki tatu kabla ya kufa kwake, Mahat alifunga kifaa kipya kwenye bomba la moshi, kitu cha ukubwa wa kidole gumba chenye waya mmoja. Alikiagiza kwa msafiri wa Dubai akakingoja miezi minne. Mimi ndiye niliyemshikia spana. Abdiwahab alikigonga kwa bisibisi yake mbele ya Yarrow akasema, "Mahat, Mungu amrehemu, alihangaika na mapambo. Kabureta haihitaji kitu hiki. Nimetengeneza kabureta miaka ishirini, sijawahi kukiona." Yarrow akatikisa kichwa kwa huzuni, kana kwamba amegundua ndugu yake alikuwa na wazimu kidogo. Nilitaka kumpiga mtu.

Alhamisi nilipanda basi la msafara hadi Dagahaley, kwenye kambi ya wakimbizi. Niliwaambia watu nakwenda kuwaona wateja wangu wa kambini, na ni kweli nilikwenda, ila mteja niliyemtaka alikuwa mmoja. Timiro alikuwa akifundisha umeme wa magari katika chuo cha ufundi huko Mogadishu kabla vita havijampeleka kambini. Sasa alikuwa akitengeneza redio mbele ya kibanda chake cha turubai, amekalia gunia la mgao, bisibisi imepenya kwenye shungi juu ya sikio. Jenereta ya kliniki ikigoma, aliitwa yeye. Nilimweleza kila kitu, kuanzia moshi hadi kidude chenye waya.

"Abaayo," akaniambia, yaani dada, "hicho ni kipimo cha oksijeni. Wanafunzi wangu walikiita pua. Kabureta nyingi ni viziwi, ila ya mumeo ina masikio. Magari ya namna hiyo yalitengenezwa kwa Wamarekani. Pua inanusa moshi ndani ya bomba na kuulinganisha na hewa ya nje. Petroli ikizidi, inatoa umeme mdogo sana, nukta nane, nukta tisa ya volti. Ikipungua, inatoa nukta moja. Chini ya dashibodi kuna kisanduku kinachosikiliza, nacho kinaiambia kabureta punguza au ongeza."

"Na pua ikinyamaza?"

"Kisanduku kinadhani injini ina njaa. Kinaongeza petroli, kinaongeza, kinaongeza, kama mama mkwe anayeamini hujashiba."

Tulicheka. Kisha akaacha kucheka.

"Ila kuna jambo. Petroli ya huku imetiwa madini ya risasi, na risasi huziua pua hizi. Kama imekufa, mumeo hakukosea, lakini gari litabaki hivyo hivyo, kwa sababu nyingine huipati hapa. Moshi ulianza lini?"

"Baada ya Idi."

"Na kabla ya Idi gari lilifanyiwa nini?"

Nikafikiri. "Bomba la moshi lilikatika kwenye mashimo ya barabara ya Modogashe. Abdiwahab akalichomelea."

Timiro akaweka redio chini. Alinifundisha kuipima pua, akanirudisha nyuma kila nilipokosea, mpaka nikaweza kumsomea yote bila kukwama. Kwanza, pua hainusi ikiwa baridi, lazima iwe ya moto kama kaango. Pili, ncha yake iwe ndani ya moshi na mgongo wake uwe kwenye hewa safi, maana kazi yake ni kulinganisha. Tatu, isipimwe kwa taa. Nne, waya wake usiguse bodi ya gari hata chembe, maana umeme wake wote utaishia kwenye chuma na kisanduku hakitasikia kitu. Kisha akaingia ndani akatoka na fundo la kitambaa. Ndani yake mlikuwa na mita ya kupimia umeme, ya namba, si ile ya sindano, na betri yake.

"Wengine walivuka mpaka wa Liboi na dhahabu," akasema. "Mimi nilivuka na hii. Ningekuja nayo mwenyewe, lakini sina karatasi ya kutoka kambini. Kamata."

Nilimwambia naogopa nitaivunja.

"Hukuja hapa kwa sababu unaogopa," akanijibu. "Rudi kwenu ukawasumbue."

Jumamosi saa nane mchana nilikuwa karakana ya Abdiwahab, ambako gari lilikuwa limelala. Ni kiwanja tu chenye uzio wa miiba, mchanga uliolowa oili, na kivuli cha mabati mawili. Nilibeba mita ndani ya shungi langu, jiko la makaa mkononi, na kopo tupu la mafuta ya mgao wa kambini ninalobebea makaa ya kufukizia. Yarrow alikuwa amefika, amevaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi. Mowlid naye alikuwa amechutama nyuma ya gari langu akipima ekseli kwa kamba. Madereva wawili wa lori kutoka Mwingi walikuwa wakingoja gurudumu lao, na kwa ajili yao Abdiwahab alizungumza Kiswahili, maana alipenda wageni wajue wako kwa nani.

"Hii gari amekufa," akawaambia madereva. "Ringi hakuna. Anakunywa betroli kama ngamia ya kiangazi. Na huyu mama anataka kubika chai hapa."

Madereva wakacheka. Nikamgeukia Yarrow.

"Shemeji, umesema Alasiri. Alasiri bado. Hadi mwadhini aadhini, gari ni langu. Nipe ufunguo au usinipe, ila nitalifungua boneti."

Yarrow alitazama jua, akatazama watu. "Fanya unachotaka kufanya," akasema. Ufunguo hakuutoa.

Nilifungua boneti. Nikaufuata ule waya mmoja kutoka kwenye pua, taratibu, kwa kidole. Ulipita juu ya gamba la gia, ukapanda ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini, na pale ukaingia chini ya skrubu. Skrubu ilikuwa mpya, imekazwa kwenye bodi. Chini yake kulikuwa na ncha mbili za waya, moja ya pua na nyingine inayokwenda kwenye dashibodi, zote zimechunwa plastiki na kubanwa kwenye chuma kitupu.

Waya wake usiguse bodi ya gari hata chembe.

Panapofuka moshi pana moto, na moto nilikuwa nauona, umefungwa kwa skrubu. Lakini nilijua nikipiga kelele sasa Abdiwahab atasema pua ilikuwa imekufa tangu zamani, na nani angenibishia? Nikameza hasira. Nikauliza kwa sauti ya mwanamke asiyejua kitu, ambayo ninaijua vizuri kwa sababu ndiyo wanayopenda kunisikia nayo.

"Abdiwahab, hizi waya ni za nini?"

"Hiyo ni ya bodi, ya kufunga kwa chuma ya gari," akasema, akakaribia ili madereva wasikie. "Siku ya kuchomelea eksosi, kiunganishi chake kilikuwa kimeungua. Nikabima na taa, hii haikuwasha, hii nyingine haikuwasha. Waya ambayo haiwashi taa ni ya bodi. Nikafunga mimi mwenyewe, kwa mkono yangu."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono yangu, wallahi."

"Asante," nikasema. Kila mtu alikuwa amesikia.

Nikailegeza skrubu kidogo, nikachomoa waya wa pua tu. Nikafungua zile nati mbili zinazoishika pua kwenye bomba. Zilikuwa za namba kumi na mbili, na nilizijua, nilizishikia spana usiku ule pamoja na Mahat. Ya kwanza ilikubali. Ya pili ilikuwa na kutu. Abdiwahab akasema, "Mama, hiyo utafunja," nikamwagia mafuta ya taa niliyokuja nayo, nikangoja, nikakaza meno, ikazunguka. Pua ikatoka, ncha yake nyeusi tititi.

Abdiwahab alileta taa yake ya kupimia, balbu kwenye waya wenye ncha kali. Akagusa waya wa pua. Haikuwaka. Akawageukia watu akainua mabega.

"Taa yako inataka volti kumi na mbili," nikamwambia. "Hii haina hata moja. Ni sawa na kumwambia mtoto mchanga aadhini, kisha useme ni bubu."

Dereva mmoja aliguna. Nikawasha jiko, nikapepea makaa mpaka yakawa mekundu, nikaishika pua kwa koleo, ncha yake ndani ya makaa na mgongo nje. Waya mweusi wa mita kwenye gamba la pua, mwekundu kwenye waya wake, kama nilivyofundishwa. Mita ikaandika sifuri nukta sifuri mbili.

Nikangoja. Sifuri nukta sifuri tatu. Nikapepea zaidi, jasho likinitiririka chini ya shungi. Sifuri nukta sifuri moja. Mowlid alisimama akaja kuchungulia. Nilisikia Abdiwahab anavyotabasamu. Yarrow alisogea karibu yangu akaniambia kwa Kisomali, chini chini, "Dumaashi, yatosha. Umejaribu. Usijiaibishe mbele ya wageni."

Hapo nusura nikubali. Nasema kweli. Nilimwona Sabirin na mbuzi, nikaona kikombe cha chai ya majani, nikafikiri kwamba risasi imeiua pua ya Mahat na mimi nimesafiri bure. Nikaendelea kupepea, kwa ubishi tu, kwa sababu nilikuwa na kipepeo cha jiko mkononi na sikujua kazi nyingine ya kuipa mikono yangu.

Kisha nikakitazama kile kipepeo.

Nasteha, nikajiambia, mjinga we. Unapepea! Tangu lini mtu akafukiza chombo huku anapepea? Ukitaka moshi wa kushika maziwa, unatia makaa ndani, unatia kijiti, unafunga mdomo. Moto lazima ukose hewa. Mama yangu alinichapa kwa jambo hilo hilo nikiwa na miaka saba, niliacha chombo wazi na maziwa yakaharibika. Pua hii kazi yake ni kunusa moto uliokosa hewa, na mimi nilikuwa namnyima mgonjwa kile ninachomuuliza kama anakisikia.

Nilitupa kipepeo. Nikachota makaa mekundu nikajaza kopo la mgao hadi juu, nikatia vijiti vitatu vya kufukizia, vile ninavyotumia kwa maziwa ya Ramadhani. Mdomo wa kopo ulikuwa mdogo. Nikashusha ncha ya pua ndani mpaka ikazama kwenye makaa, kile kibati chake chenye matundu mawili ya nati kikakaa juu ya mdomo na kuuziba, mgongo ukabaki nje kwenye hewa. Harufu ya nyumbani ikaenea karakana nzima. Nikaunganisha mita tena.

Sifuri nukta sifuri mbili. Sifuri nukta moja. Nikashikilia. Nukta mbili. Nukta nne. Namba zilianza kupanda zenyewe, bila kusukumwa na mtu. Nukta sita. Nukta saba. Zikatulia kwenye nukta nane na kitu.

"Njoo usome," nikamwambia dereva wa Mwingi, maana yeye hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale.

Alisoma kwa sauti. Nikaichomoa pua, nikaiinua kwenye hewa, bado ya moto. Namba zikaanguka hadi karibu na sifuri. Nikairudisha kwenye moshi. Zikapanda. Nikafanya hivyo mara tatu, na mara ya tatu dereva alikuwa akizitangaza kama matokeo ya kura. Abdiwahab alikuwa amekunja mikono. Mowlid aliizungusha kamba yake kwenye vidole, akaifungua, akaizungusha tena.

"Hai," nikasema. "Mahat alifunga kitu kizima."

Tangu siku ile ya bisibisi nilikuwa nikisikia kwamba mume wangu alihangaika na mapambo.

"Sawa, ni nzima," Abdiwahab akasema, sasa kwa Kisomali. "Na moshi je? Injini bado imekufa."

"Kikulacho ki nguoni mwako," nikamjibu kwa Kiswahili, ili madereva nao wapate. Nikarudisha pua kwenye bomba, nikakaza nati zote mbili. Nikamalizia kuifungua skrubu yake, ile ya mkono wake, wallahi, nikaitoa nje nikamwekea kiganjani. Nikazisokota pamoja zile ncha mbili za waya, ya pua na ya kisanduku, nikazizungushia utepe mpaka chuma kisionekane, nikazining'iniza mbali na bodi. Kisha nikanyoosha mkono kwa Yarrow.

Yarrow alitazama mkono wangu, mweusi hadi kiwikoni. Akatia mkono mfukoni, akanipa ufunguo.

Mahat alinifundisha kuendesha huko nyikani ambako mashahidi ni twiga tu. Nikapanda, nikawasha. Hilux ikakohoa wingu jeusi lililofunika Mowlid na kamba yake, na kiwanja kizima kikacheka. Abdiwahab alicheka kuliko wote.

"Si nilisema?"

"Ngoja ipate moto," nikampigia kelele kutoka dirishani. "Pua hainusi ikiwa baridi!"

Nilishikilia mafuta. Dakika ya kwanza, masizi. Dakika ya pili, masizi, lakini mepesi. Nilikuwa nikiomba kwa sauti, sijui kama walinisikia. Mahali fulani katika dakika ya tatu injini ilibadilisha sauti, kama mtu aliyekuwa akinung'unika akanyamaza kusikiliza. Ikatulia. Kicheko kikafa kidogo kidogo. Nilitazama kwenye kioo cha pembeni. Nyuma ya gari niliona uzio wa miiba, wazi, kila mwiba.

Msikiti wa jirani ukaadhini Alasiri. Mowlid akamtazama Yarrow. Yarrow akamtazama Abdiwahab, kama alivyozoea.

"Itarudi," Abdiwahab akasema. "Kesho itarudi kufuka. Mimi ni fundi miaka ishirini."

Nikashuka, injini ikiendelea kunguruma. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hana adabu.

"Shemeji," nikamwambia Yarrow mbele ya wote, "umevaa kanzu nyeupe. Kama unamwamini fundi wako, simama mbali. Kama unamwamini ndugu yako, kasimame nyuma ya bomba."

Hakuna aliyemwambia Yarrow maneno ya namna ile tangu azaliwe. Ndevu zake zilitikisika. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari. Badala yake aliinua pindo la kanzu kidogo ili lisiguse mchanga wa oili, akatembea hadi nyuma ya Hilux, akalipa mgongo bomba la moshi, akasimama wima kama mtu wa safu ya kwanza msikitini. Nikaingia garini nikakanyaga mafuta hadi chini. Upepo wa bomba uliipeperusha kanzu ikajaa kama hema. Nilihesabu hadi thelathini, nikaongeza kumi kwa ajili ya Mahat.

Nilipoachia, Yarrow hakujitazama. Alikwenda hadi mbele ya Abdiwahab, akamgeuzia mgongo.

"Nisomee," akasema.

Abdiwahab alikuwa bado ameshika ile skrubu. Aliitazama kanzu kutoka mabegani hadi kwenye pindo. Ilikuwa nyeupe.

"Hakuna kitu," akasema.

Mowlid aliikunja kamba yake akaitia mfukoni, akaenda kuswali. Yarrow alikuja hadi mlangoni kwa dereva. Macho yake yalikuwa mekundu, na moshi haukuwa na lawama yoyote.

"Alikuwa mbishi," akaniambia. "Tangu utotoni. Sikujua kwamba alioa mwenzake." Kisha akanyoosha mkono, kwa mazoea. "Zima gari, nipe ufunguo. Tutazungumza nyumbani."

"Msafara wa Habaswein unaondoka alfajiri, na madumu sijayafukiza," nikamjibu. Nikafunga mlango, nikatia gia, nikatoka na gari langu nje ya uzio wa miiba.